Pindo la Kulia

Niliteleza ngazi ya saba, pale Igogo,
ambapo jiwe halina adabu wakati wa mvua.
Ndoo ilifika chini kabla yangu.
Holo, jirani, aliisikia ndoo, si mimi,
akatoka akigombeza watoto.

Hospitalini kule mlimani wakanifunga skrubu tatu.
Wakanionyesha kwenye picha: nyeupe, zimenyooka,
kama pini ninazobana nguo ya harusi
kabla bibi arusi hajaijaribu.
"Mfupa utaunga, mama," wakasema,
nami ninayeishi kwa kuunga nikaamini.

Haukuunga.
Miezi kumi na mmoja nilitembea kama anayeuliza swali,
hatua, kisha kiulizo.
Usiku kitu kilisaga ndani ya nyonga,
mchanga kwenye mashine isiyotiwa mafuta.
Watu wa Mlango Mmoja wana ushauri kuliko vitambaa:
mmoja akaleta mafuta ya kondoo,
mwingine akaleta jina la aliyeniroga,
na jina lenyewe ni la mtu ninayemdai.

Mguu wa kulia ukafupika.
Sikumwambia mtu.
Nilitoa gauni zangu zote, za kanisani na za jikoni,
nikapandisha pindo la kulia inchi moja
lisiburute vumbi, lisiseme.

Dokta Lushinge aliitazama picha mpya muda mrefu.
Skrubu moja ilikuwa imechungulia nje ya mfupa,
sindano iliyosahauliwa kwenye kola.
"Kichwa cha paja kimekufa," akasema. "Damu haikufika."
Nimemzika mume, nimezika watoto wawili,
sikujua mtu anaweza kuwa na marehemu ndani yake
akapanda naye ngazi,
akapika naye dagaa.
"Hatuungi tena. Tunabadilisha."

Bwire, mwanangu, akauza injini ya mtumbwi.
Sitaandika hapa bei,
wala alichosema mkewe.

Waliniganzisha kutoka kiunoni kwenda chini.
Pazia la kijani. Mazungumzo ya mpira wa jana.
Kisha nyundo.
Ndiyo, nyundo: ko, ko, ko,
vile mafundi wa Igombe wanavyogonga ubao mpya
kwenye mtumbwi uliopinduliwa ufukweni.
Nilitikisika bila kuumia,
nikawa chombo, nikawa pia mpita njia
anayesikia kwa mbali kazi ya watu.
Nesi akaniuliza ninasali sala gani.
Nilikuwa nahesabu mapigo. Fundi huhesabu.

Niliomba zile skrubu. Wakanipa kwenye kichupa.
Mfupa sikuuomba.

Siku ya pili Nyanzobe wa mazoezi akanisimamisha
kwa fimbo ya miguu minne.
Dirishani ziwa lilikuwepo, halina habari na mimi.
"Usichuchumae," akasema. "Usiketi chini.
Usipishanishe miguu. Usiiname kuokota."
"Na choo changu cha shimo?"
Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

Bwire alitoboa kiti cha mbao kwa msumeno,
akakiweka juu ya tundu,
akakipaka buluu iliyobaki ya mtumbwi.
Mtumbwi wenyewe siku hizi unapigwa kasia.

Kanisani wenzangu wakipiga magoti
mimi nabaki wima, peke yangu, mrefu,
Mungu na mimi tukitazamana.
Cherehani naiendesha kwa mguu wa kushoto.
Haijazoea. Inanung'unika, inakata uzi.

Leo nimevaa lile gauni la maua,
nikasimama mbele ya kioo cha wateja.
Upande wa kulia umepanda juu,
nusura nimlaumu aliyelishona.
Kumbe mguu umerudi.
Nikakaa kwenye kiti kirefu, nikachukua wembe,
nikafumua uzi baada ya uzi,
na pindo liliposhuka ukatokea mstari
wenye wekundu ule wa dukani,
usioguswa na jua wala sabuni,
upana wa inchi moja, upande mmoja tu.

Holo akaniuliza kitambaa cha kuongezea nimekipata wapi.
Nikamwambia sijaongeza.
Ni kile kile.